Samaki Wako Bado Yuko Dirishani

Mpendwa mwenzangu wa dawati,

Mwangaluka, Wande. Najua barua hii itakufikia huko Nassa, kando ya ziwa, mchana au jioni, lakini mimi naiandika asubuhi, kwa hiyo salamu yangu ni ya asubuhi. Sisi hapa Bariadi mhola duhu, hatujambo wote. Mvua zimekwisha, pamba imepasuka mashambani, na vumbi la malori limeanza kuingia darasani kwa dirisha lile lile unalolijua.

Usishangae kuona barua haina bahasha. Bahasha sikupata, na hata ningeipata nisingeifunga. Nakala ya kwanza nimeshaisoma mbele ya darasa zima, mimi Limi, niliyekuwa nikiulizwa jina langu najibu huku nikitazama vidole vya miguu. Dereva wa lori la pamba atakayekuletea akitaka kuisoma njiani, na asome. Jambo nililokukosea lilitendeka mle mle darasani, nikaona na kulisema nilisemee pale pale. Nataka urudi shule, Wande. Ndiyo sababu ya karatasi hii. Lakini niruhusu nianze na yale ya kuchekesha, kwa maana nikianza na kosa langu nitaandika na kufuta, na wino wenyewe nimeazima.

Unakumbuka siku ya udongo? Ilikuwa kipindi cha kazi za mikono, na sote tulidhani tutasuka ukili kama kawaida. Mwalimu akaingia na wavulana wawili wamebeba debe la udongo wa mfinyanzi kutoka mtoni, suruali zao zimelowa mpaka magotini. Akasema kila mtu afinyange ng'ombe. Wavulana walifurahi kama wamepewa likizo, kwa kuwa hatimaye lilikuja somo ambalo mimi nisingewashinda. Wao wamefinyanga ng'ombe malishoni tangu hawajaota meno ya mbele. Mimi nilimfinyanga yule wa kwenye kitabu cha Kiingereza, mnene, pembe fupi, mgongo umenyooka kama benchi.

Bundala, aliyekuwa anakaa nyuma yetu, akanyoosha shingo. "Limi, huyo ni ng'ombe au kiboko?"

"Ng'ombe," nikajibu, kwa sauti ambayo wewe peke yako uliisikia.

"Na nundu yake umeila?"

Darasa likacheka. Nilitamani kuingia ndani ya debe. Ndipo wewe ukamnyang'anya kicheko chake, ukaweka kazi yako juu ya dawati, ikalala ubavu. Ilikuwa na mapezi, na magamba uliyoyachora kwa ncha ya penseli moja moja mpaka mkiani.

"Mwalimu kasema ng'ombe," Bundala akakuambia.

"Huyu ndiye ng'ombe wa kwetu. Ni sato. Ndiye aliyenilipia ada, ndiye aliyeninunulia hili gauni."

"Basi mfunge kamba tumpeleke malishoni."

Mwalimu alisikia yote. Alikuja, akamwinua samaki wako kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto, akamweka dirishani katikati ya ng'ombe waliokuwa wakikauka. Akampa kipande cha udongo cha kuegemea ili asianguke. "Naye ni wa zizi letu," akasema, kisha akarudi ubaoni.

Kesho yake akatueleza kazi ya zizi lile. Alisema wapo wanafunzi wanaomwambia "sijambo, Mwalimu" huku machozi yamefika ukingoni, na yeye hataki kumlazimisha mtu kusema mbele ya wenzake. Mnyama ndiye atakayesema. Ukifika asubuhi na moyo wako ni mzima, mgeuze mnyama wako atazame ndani ya darasa. Kama hujaamka vizuri, una njaa, umegombana, una mgonjwa nyumbani, mgeuze atazame nje. Mwalimu ataangalia kabla ya kipindi cha kwanza, hatasema neno, na wakati wa mapumziko atakutafuta mzungumze pembeni.

Nyumbani walimcheka sana. Baba yangu mdogo, ninayekaa kwake, alimwita Mwalimu Udongo. "Tunatoa ada mkachezee udongo, wakati udongo wa malishoni ni wa bure?" Lakini wewe na mimi tuliona jinsi zizi lilivyofanya kazi. Siku ya tatu tu, Bundala mwenyewe, mwenye mdomo kuliko sisi sote, dume lake lilitazama nje. Wakati wa mapumziko tulimwona na Mwalimu kwenye ngazi za ofisi, wamekaa kama watu wazima wawili, Bundala akichora chini kwa kijiti. Ndama wake aliyemlea kwa mkono alikuwa amekufa. Nani angeamini kwamba Bundala analia?

Na mchezo wa kubadilishana, je, umeusahau? Mimi nikiukumbuka nacheka peke yangu njiani nikienda kwa babu Sapiwi, na watu wa huko wanadhani vitabu vimeniharibu. Bundala alikuwa amekuambia tena, "Sogea huko, unatuletea ziwa darasani." Mwalimu hakumchapa. Aliwaita mbele nyote wawili, akampa Bundala kikapu, akakupa wewe fimbo. Bundala awe Wande, Wande awe Bundala.

Wewe mpole ulivyo, ulitembea mbele ya darasa umetupa fimbo mabegani, miguu imepanuka, ukapiga mluzi, ukawafokea ng'ombe ambao hawapo mpaka mlinzi wa shule akachungulia mlangoni. Kisha ukamgeukia yeye na kikapu chake.

"We dagaa, kwenu mnaoga au mnajianika tu?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Bundala huwa na jibu daima. Alisimama na kikapu chake, masikio yamemwiva. Akasema polepole, "Kumbe linachoma."

Ukashusha fimbo. "Ndiyo. Kila siku."

Tangu hapo hakukutania tena kwa harufu. Alikutania kwa mambo mengine, na wewe ukamrudishia, na ule ulikuwa utani wa haki. Nilikaa pale nikijifunza kitu ambacho sijakiona kwenye kitabu chochote katika kabati letu, na nimeshavisoma vyote kasoro kile cha hesabu za juu.

Sasa nimefika karibu na kosa langu. Anayelileta ni babu yangu, guku.

Unamkumbuka guku alipopita shuleni siku ya mnada, ameniletea michembe ya viazi kwenye kibuyu. Mwalimu alimkaribisha ndani kwa heshima, naye guku hakuiangalia ramani wala picha ya Malkia. Alikwenda moja kwa moja dirishani, mikono nyuma, akapita mstari mzima kama mnunuzi mgumu.

"Huyu wa nani? Nyonga zake mbovu. Huyu nzagamba mzuri, angepata majike angejaza boma. Huyu kiboko wa nani?"

Nikatazama vidole vya miguu. Akafika kwako.

"Na huyu ng'ombe gani hana miguu?"

"Ni sato, guku," ukamjibu, umepiga magoti kidogo kama inavyotakiwa.

"Anakamuliwa?"

"Anaanikwa, guku."

Alicheka mpaka akakohoa. Alikupenda siku ile. Hata leo akinisalimu huuliza, "Yule mwenye ng'ombe wa majini hajambo?"

Nilipomsindikiza njiani aliniambia, "Mjukuu wangu, mwalimu wako mtu mwema, lakini zizi halijui. Nimeona wawili wanatazama nje. Ng'ombe akisimama kichwa nje ya lango, roho yake imeshaondoka. Kesho utakuta kamba tu. Wageuze."

Wande, mimi ni mtoto niliyesoma. Najua jua ni kubwa kuliko dunia, na naweza kukutajia miji mikuu ya nchi ambazo guku hajazisikia. Lakini nimelelewa na guku. Nikiwa mdogo nilimwona kila jioni akiwageuza ng'ombe wake mmoja mmoja kwa kiganja, akiwaita kwa majina, na hajapoteza hata mmoja. Neno lake lilinikaa tumboni.

Na mimi ndiye nilikuwa na nafasi. Kwa ajili ya kifua changu kisichopenda umande, Mwalimu alikuwa ameniondoa kwenye kumwagilia bustani, akanipa kufagia darasa. Ninyi mliweka wanyama wenu, mkatoka na makopo, nami nikabaki peke yangu na ufagio na zizi zima. Aliyetazama nje nilimgeuza ndani, taratibu, kwa kiganja, nikimwita kwa jina la mwenyewe. Nilidhani nawalinda. Mwalimu alipoingia kabla ya kengele, aliwakuta wote wanamtazama yeye.

Samaki wako nilimgeuza asubuhi kumi na moja. Nilihesabu, na kuhesabu kwenyewe kungenifundisha kitu kama ningekuwa na akili ya maisha na si ya daftari tu. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini kila siku ni wewe. Nilikaa nawe dawati moja, viwiko vyetu vinagusana, na nikaongea na udongo wako badala ya kuongea nawe.

Ukaniuliza. Nakumbuka tulikuwa tunanakili mashairi, ukanisogelea. "Limi, nani anamgeuza samaki wangu?"

"Sijui. Labda upepo."

"Upepo gani unaogeuza udongo na kuacha karatasi?"

Bundala alikuwa nyuma yetu, na niliona aibu kusema kwamba Limi wa vitabu anaogopa maneno ya babu yake. Ulinitazama kidogo, ukaendelea kuandika. Shairi lako lilikuwa na hati nzuri kuliko langu.

Jumatatu iliyofuata hukuja. Tulisikia baba yako amepita na lori akakuchukua. Shangazi yako uliyekuwa ukikaa kwake, nilipokwenda kumwuliza, alikuwa anapepeta mtama. Hakuacha kupepeta. "Mama yake yuko kitandani wiki ya tatu hii. Mtoto alikuwa halali. Nilimwambia amweleze mwalimu, akasema ameshasema kila siku na hakuna hata mmoja anayemwuliza. Akasema wanamgeuza anyamaze." Nilimsaidia kuokota punje zilizoanguka, maana sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Darasani Mwalimu alisimama mbele ya dirisha muda mrefu. "Sielewi," akasema. "Samaki wa Wande ametazama ndani siku zote hizi. Nilikuwa nikirudi nyumbani najisifu kwamba darasa langu zima lina furaha."

Bundala akanyoosha kidole. "Mwalimu, mimi nilimgeuza wangu nje siku tatu, hukuniita. Nikadhani umenichoka."

"Hata mimi mara mbili," mwingine akasema kutoka mbele.

Ilinichukua siku nne kujikaza. Siku ya tano niliweka kiboko changu atazame nje na sikumgusa. Mwalimu aliponiita wakati wa mapumziko nilimwambia yote, nikamwomba aniadhibu kwa kufagia uwanja mwezi mzima. Akasema uwanja haukukosewa. Akaniuliza kama ninaweza kuwaambia wenzangu. Nikasema siwezi. Akaniuliza kama kiboko anaweza.

Basi, Wande, ungeniona. Nilisimama mbele nimemshika yule mnyama usawa wa uso wangu, nikajificha nyuma yake, na yeye akasema. Alisema, "Mimi ng'ombe wa Limi nimemwona Limi akiwageuza wenzangu." Akasema habari za guku, na za upepo. Hapo kwenye upepo nilimshusha niwatazame, nikitegemea kicheko. Badala yake Bundala akasema, "Kwa hiyo siku zangu tatu ni wewe," nikasema ndiyo, akasema, "Nidai nundu basi, nitakufinyangia, huyo mnyama anatia huruma." Ndipo wakacheka, na mimi nikacheka nao, machozi na kamasi pamoja. Sasa kiboko changu ana nundu. Imekaa upande kidogo.

Mwisho wa wiki nilikwenda Sapiwi nikamweleza guku madhara ya neno lake. Nilijiandaa agombe. Alitafuna michembe, akafikiri. "Mlikuwa na zizi bila mchungaji," akasema. "Ng'ombe akitazama nje na mchungaji yuko nje, hapotei. Anamwona mtu wake." Mwalimu alipolisikia hilo alipiga meza kwa furaha. Tumefinyanga mchungaji, ana fimbo ya njiti ya kiberiti, anasimama ukingoni mwa dirisha upande wa nje. Kila wiki mmoja wetu anakuwa yeye. Asubuhi unaangalia nani anatazama nje, unamwendea kabla Mwalimu hajafika, unamwuliza tu, "Umeamkaje?" na unangoja jibu. Kungoja ndiko kugumu. Wiki hii ni zamu ya Bundala, na anangoja kama mtu anayetazama maziwa yasifurike.

Wiki iliyopita ilikuwa yangu. Niliwauliza watu watatu, kwa sauti yangu mwenyewe, bila mnyama. Mmoja akasema, "Kumbe una sauti." Sikutazama vidole vya miguu. Haya, nilivitazama mara moja tu.

Dereva ametuambia mama yako ameinuka, kwamba juzi alimwona ufukweni mwaloni anaanika dagaa na kuwafukuza kunguru kwa matusi mazuri. Nimefurahi mno. Mpe salamu zangu, na umwambie nasikitika sikujua alipokuwa mgonjwa, na kwamba kutokujua huko kulikuwa ni kosa langu, wewe ulikuwa umeshasema.

Shule inafungwa Ijumaa kwa ajili ya mavuno ya pamba. Jina lako bado liko kwenye rejista. Mwalimu ameahidi kutolifuta wakati wa likizo, lakini asubuhi ya kufungua lazima aliite, na akiliita mara tatu bila jibu atalipiga mstari, kwa kuwa hiyo ndiyo amri ya ofisi na yeye hawezi kuipinga. Bundala amesema atajibu "Nipo" kwa sauti nyembamba. Mwalimu amemwambia ndevu zinazoota zitamwumbua.

Nafasi yako kwenye dawati nimeiacha, upande wa dirisha. Walitaka kumhamishia kwangu mtu mwingine nikakataa, na nilikataa kwa mdomo. Nimekunakilia masomo uliyokosa, kurasa ishirini na mbili, ila za hesabu zipitie mwenyewe, usiniamini.

Kuhusu samaki wako. Siku uliyoondoka alikuwa anatazama ndani, kwa sababu ya mkono wangu. Baada ya kukiri nilimrudisha ulivyomwacha wewe, kichwa nje, kuelekea upande wa ziwa. Ninafagia chini yake kila siku, napangusa vumbi la malori mgongoni mwake kwa unyoya wa kuku, magamba yote bado yapo. Zaidi ya hapo simgusi, na hakuna mtu darasani atakayemgusa. Ukija na moyo wako bado mzito, mwache hivyo hivyo anavyotazama, nami nitakuuliza umeamkaje na nitangoja.

Akigeuka, awe amegeuzwa na mkono wako.

Ni mimi, mwenzako wa dawati, niliyekuwa upepo,

Limi